Jina la Mgongoni

Sina ugomvi na duka. Naliandika hili mwanzo kabisa, kwa sababu siku hizi pale mjini Shinyanga ukiniulizia utaambiwa, "Aa, yule mama anayepinga duka la timu." Uongo mtupu. Siku wanachama tulipoulizwa kama timu yetu ifungue duka la jezi katikati ya mji, mimi nilinyoosha mkono kukubali, tena mapema, kabla hata ya wale wanaonyoosha ili waonekane. Ninachopinga ni kukatazwa kushona. Mimi ni fundi cherehani. Ukinikataza kushona umenikataza kula, na zaidi ya hapo umenitoa kwenye timu, maana sijui njia nyingine ya kuwa mtu wa timu. Kupuliza vuvuzela siwezi. Kuimba siwezi. Mpira wenyewe, niseme ukweli, kipindi cha pili huwa nasinzia kidogo. Ninachojua ni kuandika majina mgongoni mwa jezi, na hicho ndicho walichotaka niache.

Nakaa Ibadakuli. Kila asubuhi naja mjini kwa bodaboda, naitoa cherehani yangu ya miguu kwenye stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, naiweka kibarazani na kuanza kazi. Nimekaa kwenye kibaraza kile tangu katibu wa sasa wa timu hajajua kufunga kamba za viatu. Zamani nilishona sare za shule na magauni ya harusi. Mambo ya jezi sikuyatafuta, yalinifuata pale pale nilipokaa.

Aliyeanzisha ni mchimbaji mmoja wa Rwamgasa, kule Geita kwenye dhahabu. Alikuja na jezi ya timu yetu mkononi, ya rangi ya damu ya mzee, mikono myeupe, bado mpya.

"Mwadila, mayu," akanisalimia Kisukuma, akiniita mama.

"Mwadila."

Akataka nimwandikie mgongoni jina la duara lake. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo, na kila duara lina jina lake kama mtaa. Nikamwambia jezi huandikwa jina la mchezaji. Akanitazama kama niliyemtukania wazazi.

"Huyo mchezaji ndiye atakuja kunifukua?" akauliza. "Mimi naingiaga chini na jezi hii, mayu. Kifusi kikishuka, atakayenikuta ataona mgongo kwanza. Asome nimetoka duara gani, anirudishe kwa wenzangu."

Nikampigia stika, herufi za kubandika kwa pasi ya mkaa, akaenda zake. Miezi kadhaa baadaye akarudi, mzima wa afya, kaja kunigombeza. Herufi mbili zilikuwa zimebanduka kwa jasho na maji ya chini. "Unataka nikazikwe na watu wa duara la jirani?" akafoka, na wateja wangu wengine wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo stika niliachana nazo. Nakata herufi kwa kitambaa cheupe kizito, nakunja pembe zake, nashona mshono mara mbili. Jezi itachakaa, itageuka kuwa dekio la nyumba, na herufi zangu utazikuta bado zipo.

Wenzake wakaja, kila mmoja na duara lake. Akina mama wa sokoni wakaona, wakasema kama wanaume wanaandika mashimo, sisi tuandike watoto. Kwetu mwanamke akishazaa haitwi tena jina lake; anaitwa Mama, halafu jina la mtoto wake wa kwanza, na hivyo ndivyo atakavyoitwa mpaka kaburini. Basi nikawa naandika Mama huyu na Mama yule toka asubuhi hadi jioni. Mzee mmoja mfugaji aliniletea jezi akataka jina la dume lake la ng'ombe, lile la mbele kwenye plau. Nikamwandikia, na wake zake wawili wakanuna wiki nzima. Nilipokuwa nakwenda uwanjani nilikuwa nakaa mzunguko, upande wa watu wa kawaida, safu ya juu, ili niione migongo yote kwa pamoja. Ukikaa pale unaweza kumsalimia mtu usiyemjua kwa jina lake sahihi. Ilikuwa inanipa raha kuliko magoli.

Sasa nije kwenye mkutano.

Ulifanyika Jumapili baada ya ibada, kwenye ukumbi wa shule. Mwenyekiti wa timu ni mtu wa hapa hapa, mfanyabiashara, namfahamu tangu yuko darasa la tatu kwa sababu sare zake nilishona mimi. Katibu ni kijana aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, mchapakazi, suruali ya kubana, kompyuta kwapani. Sitamsingizia: alikuwa na hoja. Alisema basi la timu linasukumwa kila safari, wachezaji wanalala kwenye magodoro ya kuchangia, na timu zote kubwa zina duka lao. Akatuonyesha ukutani picha ya duka lenyewe, vioo mbele, vigae chini, jezi zimening'inia zimenyooka kama wanafunzi mstarini. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Nikasimama nikaomba kusema.

"Shikamoo, mama," mwenyekiti akasema.

"Marahaba. Duka ni zuri. Lakini watu wetu hawaishi katikati ya mji. Wako minadani, wako machimboni, wako Nkome huko ziwani wanaanika dagaa. Hilo duka litawafuata, au watalifuata wao?"

Katibu akatabasamu. "Mama, watakuja. Kitu kizuri hufuatwa."

"Na majina ya mgongoni?"

Hapo akapekua kidogo kwenye kompyuta yake. "Mafundi wetu wa hapa watashirikishwa," akasema.

Watashirikishwa. Neno hilo likaniingia kama chai ya asubuhi. Nikajiona tayari nimekaa ndani ya vile vioo, feni inanipepea, cherehani yangu imewekewa meza. Kura ilipoitishwa nikanyoosha mkono. Naandika hili ili msije mkanifanya malaika. Nilijiuza mwenyewe kwa neno moja, na wala hawakunibembeleza.

Duka likapatikana ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na kibaraza changu. Kwa wiki kadhaa nikawatazama mafundi wakipiga vigae na kuweka vioo. Kila aliyepita nilimwambia, pale ndipo nitakapohamia. Hakuna aliyevuka barabara kuja kunishirikisha chochote. Siku mbili kabla ya ufunguzi nikavuka mwenyewe. Ndani kulikuwa na mashine mpya ya kubandika stika na orodha ya majina ya wachezaji, basi. Nikauliza meza ya fundi iko wapi. Binti mmoja wa kaunta akaniambia, kwa heshima zote, "Mama, hapa hakuna kushona."

Na tarehe ya ufunguzi walichagua siku ya mnada.

Mtu asiye wa huku hawezi kuelewa ukubwa wa kosa hili. Siku ya mnada mji unabaki na mbwa na walinzi. Kila mwenye ng'ombe, mbuzi, mchele, kuku, vitumbua au deni la mahari yuko mnadani, na asiye na kitu chochote naye yuko huko kutazama. Katibu wa Dar nitamsamehe, alisoma kalenda ya ukutani. Lakini mwenyekiti ni mtoto wa mfugaji, amekua akiswaga mbuzi kwenda mnada huo huo. Alijua. Nafikiri aliona aibu kumwambia katibu kwamba ratiba yetu inapangwa na ng'ombe. Mimi nami nilijua, na nilikaa kimya makusudi. Nilikuwa na hasira ya ile meza.

Kwa hiyo siku walipokata utepe, mimi nilikuwa mnadani chini ya turubai, vumbi mpaka kwenye kope, foleni ya watu na jezi zao mbele yangu. Mtu mmoja aliyetoka mjini akatuambia viti vyote ni vitupu, mgeni rasmi amehutubia muziki. Nilicheka sana. Nilipaswa kuona aibu kidogo, maana ile ni timu yangu. Sikuona.

Siku hiyo hiyo alikuja mwanamke mmoja muuza dagaa. Ni mzaliwa wa huku Shinyanga, akaolewa Nkome, na yeye ndiye aliyewaingiza wenzake wa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, kwenye timu yetu mpaka wakawa na tawi. Kila baada ya muda huleta magunia ya dagaa mnadani. Nilikuwa namfahamu kwa harufu kabla sijamwona. Siku hizo zote alikuwa anacheka kwa sauti na kunitania kwamba nashona polepole kama konokono mjamzito. Siku ile hakunitania. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akasubiri foleni iishe, ndipo akatoa jezi.

"Niandikie," akasema, akanitajia. Mama, na jina la mwanawe wa kwanza.

Mtoto yule alikuwa amezama ziwani mwaka uliotangulia. Habari ilitufikia mpaka huku. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama ana uhakika, au angependa jina la huyu wa pili.

"Unaona?" akasema. "Na wewe pia. Tangu msiba hakuna anayeniita. Naitwa wewe. Naitwa dada. Naitwa mama dagaa. Mawifi zangu wanazunguka jina lile kama shimo la choo. Wanadhani wakilitaja wataniumiza. Kinachoniumiza ni kwamba halitajwi. Nilikuwa Mama yake kabla hajafa na bado ni Mama yake. Andika kubwa. Wasiotaka kuliita, walisome."

Nikakata herufi kubwa kuliko kawaida yangu. Nikashona mshono mara tatu. Alivaa pale pale juu ya gauni, akanishukuru, "Wabeja, mayu," akabeba gunia lake tupu akaenda. Nilikaa nimeshika mkasi bila kukata kitu.

Duka likaanza kazi. Kutoka kibarazani niliona kila kitu. Wateja kutoka vijijini walikuwa wanavua ndala na makatambuga nje, mlangoni, kwa sababu vigae vile vilikuwa safi kuliko vyombo vya kulia, na wengine wakishaona wamebaki peku mbele ya kiyoyozi waligeuka bila kuingia. Wazee waliacha fimbo kwa mlinzi. Ndani hakuna kupatana bei. Ukiuliza "mwisho kiasi gani" unaonyeshwa karatasi. Sisemi walikosa wateja kabisa. Vijana wa mjini waliingia, wakapiga picha, wengine wakanunua. Lakini hao wa mzunguko, wanaopanda malori ya Fuso kuja kuiona timu ikifungwa na kesho wakarudi tena, walisimama nje wakitazama kioo.

Kisha siku moja mchana akatoka mle ndani mchimbaji, mtu wa makamo, mfuko mpya mkononi. Akavuka barabara moja kwa moja mpaka kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akatoa jezi. Nyuma imebandikwa jina la mshambuliaji wetu namba tisa. "Nimewaambia waweke duara letu, wamekataa. Nimewaambia basi waache wazi, wakasema haziuzwi wazi. Huyu mtu simjui. Msimu ujao atakuwa kwa wapinzani, nitakuwa namtangaza adui bure. Mtoe."

Nikaweka pasi juu ya lile jina, nikalibandua taratibu, herufi moja moja, nikamshonea duara lake. Ilikuwa kazi safi. Nilipoinua macho, katibu alikuwa amesimama nyuma ya kioo cha duka lake, mikono kiunoni, ananitazama.

Barua ilifika kesho yake, na mhuri wa bluu. Iliniita mbele ya kamati. Ilisema nimeharibu bidhaa rasmi ya timu, ninaendesha uandishi usioidhinishwa, na nisipoacha nitafutwa uanachama. Na chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa mlangoni, ikaongeza kuwa kuanzia mchezo ujao wa nyumbani, jezi yenye maandishi yasiyoidhinishwa haitaruhusiwa kuingia uwanjani.

Nilisoma sentensi ile ya mwisho mara nyingi. Nilikuwa nadhani ugomvi ni wangu na cherehani yangu. Kumbe walikuwa wanataka migongo yote.

Kamati ilikaa nyuma ya meza ndefu, mimi nikapewa kiti cha plastiki katikati ya chumba kama mshitakiwa. Shikamoo zilitoka zote, zikafuatana, nami nikaziitikia zote. Halafu mwenyekiti akaanza kuzungumza kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko barua. Akasema wanajua mchango wangu. Akasema hawataki kunipoteza. Nafasi ipo dukani: nitakaa ndani, nitavaa fulana ya timu, nitaendesha ile mashine ya stika, nitalipwa kila mwezi. Ninachotakiwa ni kusaini kwamba sitaandika tena majina mengine.

Nisiseme uongo, nilitamani. Magoti yangu yamechoka kukanyaga cherehani. Masika yakija mvua inanipiga kibarazani upande mmoja, na kiangazi vumbi linanipiga upande wa pili. Mshahara wa kila mwezi sijawahi kuupata tangu nizaliwe. Nilitazama ile kalamu waliyoniwekea. Nikauliza swali moja tu.

"Na walioandikiwa tayari?"

"Watabandua," katibu akasema. "Au watanunua mpya. Tutawapa muda. Mama, elewa, wadhamini wanakuja uwanjani wanaona mashimo, wanaona ng'ombe, wanaona sijui Mama nani. Hii ni klabu, siyo kitabu cha mahudhurio ya kliniki."

Wajumbe wawili wakacheka. Mimi nikamwona akilini yule mwanamke wa dagaa kwenye kigoda, na herufi zile kubwa, na mshono mara tatu.

"Zangu hazibanduki," nikasema. "Zinafumuliwa kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Kuna mama mmoja yuko Nkome. Mwanawe alizama. Jina la mwanawe liko mgongoni. Nani kati yenu atakwenda kulifumua?"

Mwenyekiti akaangalia meza. Alikuwa anamjua, wote walikuwa wanamjua. Ndiye aliyewapikia dagaa na ugali timu ilipokwenda kucheza mechi ya kirafiki Geita.

"Mama, tusilete hisia kwenye biashara," katibu akasema.

Hapo nikasimama, na nilichosema sikukipanga. Nilimwambia mwenyekiti kwamba kaptula yake ya darasa la tatu niliikunja pindo nne za kukulia, kwa sababu mama yake aliniambia mtoto huyu atakuwa mkubwa, na kwamba sasa ninavyomwona naona kitambaa kilipotea bure. Nikamwambia katibu kuwa akitaka jezi zenye jina la mchezaji peke yake, awavalishe wachezaji, wako kumi na mmoja. Nikasema kalamu yao waihifadhi. Mjumbe mmoja akaniomba nirudishe kadi ya uanachama. Nikamwambia iko mkobani, aje aichukue. Hakuna mwanamume kwenye ile meza aliyethubutu kutia mkono kwenye mkoba wa mama mtu mzima, kwa hiyo kadi ninayo mpaka leo. Walichofanya ni kunifuta kwenye daftari.

Nikaenda nyumbani nikalia. Nalisema hilo pia. Nilikuwa mwanachama tangu timu haina hata neti za magoli.

Siku ya mchezo nilifika mapema alasiri, nikakata tiketi ya mzunguko kama mtu yeyote. Getini walikuwa wamebandika karatasi ya tangazo, na chini yake amesimama mgambo mtu mzima, filimbi shingoni, kaambiwa akague migongo. Nilichokiona kwenye foleni kiliniudhi kuliko katibu na kamati yake yote. Watu walikuwa wamegeuza jezi nje ndani. Wachimbaji watu wazima, wanaoshuka chini ya ardhi kwa kamba, walikuwa wamevaa mashati juu yake na kufunga vifungo mpaka shingoni. Wanawake walijifunga khanga mabegani kwenye lile jua. Wengi wao nawajua, na waliponiona walitazama pembeni. Nilitaka kuwatukana. Nikajizuia kwa sababu walikuwa wamelipa nauli kutoka mbali na walitaka tu kuona mpira.

Kosta ya tawi la Nkome ikafika, ikateremsha watu na harufu yake. Wote walikuwa wamejifunika. Yule muuza dagaa peke yake alikuwa hajajifunika. Alishuka wa mwisho na jezi yake juu ya gauni, nywele zimesukwa upya, akaingia kwenye foleni mbele yangu bila kuniona. Herufi zangu zilikuwa mbele ya macho yangu kabisa, ningeweza kuhesabu mishono.

Zamu yake ikafika.

"Geuka," mgambo akamwambia. Akageuka. "Mama, hii hairuhusiwi. Ina maandishi."

"Yanasemaje?"

"Si haya hapa, mgongoni."

"Mimi sina macho huko nyuma, baba. Nisomee."

Mgambo akatazama karatasi ya tangazo, akatazama mgongo, midomo ikatikisika kidogo.

"Unasoma kimoyomoyo," mwanamke akamwambia. "Soma nisikie."

Akasoma. Alisoma kwa sauti ya kazini, ile ya kuita watu kwenye mkutano wa kijiji: Mama, na jina la yule mtoto, lote.

"Abee," akaitika.

Aliitika kama anavyoitika mwanamke aliyeitwa kutoka jikoni kwake. Mgambo akabaki ameduwaa, filimbi mkononi. Kisha mmoja wa wanawake wa Kosta, wifi yake kama nilivyokuja kujua, mwenye khanga mabegani, akaita jina lile lile. Sauti yake ilikatika katikati, akalianza upya, akalimaliza.

"Abee."

Mwingine akaita. Mwanamume mmoja wa mwaloni akaita. Yeye akamwitikia kila mmoja, hakuchoka, bado amempa mgambo mgongo kama alivyoamriwa.

Nilikuwa nimelikata jina lile herufi kwa herufi. Nilikuwa nimelishona mara tatu, nimelipigania mbele ya kamati, nimefutwa kwa ajili yake. Na pale getini ndipo nilipogundua kwamba hata mimi sikuwahi kulitamka. Mbele ya kamati nilisema "mama mmoja yuko Nkome."

Nikaita, kwa nguvu kuliko wote.

"Abee, mayu," akasema. Sikumwona uso, lakini sauti yangu aliijua.

Mgambo akasogea kando. Tukaingia.